Wajina wa Daktari

Mwanangu ana jina la daktari aliyemvuta kwa vyuma. Sitalitaja hapa, maana nikilitaja nitakuwa nimewataja wote wawili, na mmoja wao hana kosa.

Jina alilitoa mama mkwe wangu. Kwetu Iguguno mtoto huweza kuitwa kwa mvua, kwa njaa, kwa safari, au kwa mtu aliyemsaidia mama yake. Siku ile mama mkwe alikaa nje ya leba tangu asubuhi, kitenge amekikunja mapajani, akisikiliza nilivyokuwa nikilia. Daktari alipotoka na kumwambia, "Bibi, umepata mjukuu wa kike," alimkumbatia hadi kofia ikamdondoka yule binti. Mama mkwe hakuwahi kumwona daktari mwanamke, tena kijana vile. Alipoingia kwangu alikuwa ameshaamua. "Ataitwa jina la huyu mwenzetu," akasema. "Na yeye atakuwa daktari."

Mimi nilikuwa nimeshonwa, natetemeka, sina nguvu ya kubisha jina la mtu yeyote.

Nitasema nilichokiona, kwa kuwa baadaye niliambiwa kwamba sikukiona. Mtoto alikwama. Daktari akaleta koleo la kuzalishia, vyuma viwili vilivyopinda kama miiko mikubwa, akamshika nalo mtoto kichwani. Akavuta, mtoto hakuja. Akavuta tena, safari hii amekanyaga chuma cha kitanda apate nguvu. Muuguzi mmoja mtu mzima akamwambia taratibu, "Daktari, tumpeleke upasuaji tu. Au tumwite mkubwa." Akajibu, "Anakuja huyu, anakuja." Kichwa kilipotoka mabega yakagoma, naye akakipinda kile kichwa upande, akavuta kama mtu anayeng'oa muhogo kwenye udongo mkavu. Nilisikia kitu kikiachia. Siwezi kuapa kwamba nilikisikia kwa masikio.

Mtoto alikuwa na michubuko mashavuni na kidonda karibu na sikio. Daktari alisema vitaisha, na kweli viliisha. Lakini mkono wa kulia ulilala ubavuni, kiganja kimegeukia nyuma, wakati wa kushoto ukirusha ngumi hewani. Nikauliza. Yule muuguzi akasema, "Amechoka, na yeye amefanya kazi." Hakunitazama alipokuwa akisema.

Nikaungoja mkono uamke. Arobaini ikaisha, haujaamka, nami kila asubuhi nikijipa moyo kwamba bado umechoka. Wakati huo alizeti ilikuwa imeshakamuliwa, na mama mkwe akaona asikae na deni la heshima. Akabeba majogoo mawili na dumu la mafuta, akapanda gari hadi hospitali kumshukuru daktari. Mkoa mzima huu tunajua kuku ni nini: mtu akikupa jogoo, amekupa neno ambalo mdomo umeshindwa kulisema. Alimwambia pia kwamba mtoto amepewa jina lake. Aliporudi alitusimulia kwa furaha kwamba yule binti aliufunika uso kwa mikono yote miwili. "Amefurahi, jamani," alisema. "Ameshindwa hata kusema."

Uso ule uliofunikwa nimeufikiria sana tangu hapo.

Nilipompeleka mtoto kwa mtaalamu wa mazoezi ya viungo, alimgeuza, akamgusagusa bega, akashusha pumzi. Alisema mishipa inayotoka shingoni kwenda mkononi imeumia kwa kuvutwa, na mingine huenda imekatika. Nikamuuliza nani aliyeivuta. Akasema yeye kazi yake ni mazoezi.

Basi lawama zikatafuta pa kutua, na mama mzazi yuko karibu siku zote. Hospitali walisema sikutoa ushirikiano. Jirani akasema wanawake wa siku hizi hawajui kusukuma. Hayo ningeyameza. Lakini jioni moja, tukipepeta ulezi, mama mkwe naye alisema bila kuinua macho, "Nilikusikia siku ile. Ulikuwa unafunga miguu." Nilimheshimu. Niliuacha ungo nikaenda nyuma ya nyumba kulia kama mtoto. Kuanzia siku hiyo sikutaka kitu kingine duniani. Nilitaka mtu aliyekuwa ndani ya chumba kile aseme: si wewe.

Binti yangu alikua. Alijifunza kuvaa gauni kwa kuanzia na mkono uliolala, kufungua mlango kwa kisigino, kubeba ndoo ndogo bila kuipandisha kichwani. Bibi yake, mkali wa desturi, alimfundisha kwamba mkubwa hasalimiwi kwa mkono wa kushoto. Mtoto akatafuta njia yake. Hukamata kifundo cha mkono wa kulia kwa mkono wa kushoto, huunyanyua, huutoa mbele, hupiga goti, husema shikamoo. Na kwetu ndivyo mtu mwenye heshima anavyosalimia, mkono mmoja ukiutegemeza mwingine. Wazee humsifu njia nzima. "Huyu amelelewa!" Wananigeukia na kunipongeza, nami natabasamu huku moyo unachanika.

Alipokaribia kuanza darasa la kwanza, mwanasheria mmoja wa msaada wa bure alipita kijijini akatueleza kwamba mgonjwa anaweza kulalamika na kusikilizwa. Mume wangu akasema maji yakimwagika hayazoleki. Nikamwambia mimi sizoi maji, namtafuta aliyepiga ndoo teke. Alicheka, maskini, kisha akakubali.

Tulilalamika, tukaitwa kwenye kikao pale pale hospitali. Tulikwenda mimi, mama mkwe na mtoto, ambaye tulimwacha kwenye benchi nje na maandazi. Ndani kulikuwa na mkuu wa hospitali, mzee wa miwani, na wenzake. Pembeni kabisa alikaa daktari wetu. Alikuwa amenenepa kidogo na amevaa pete ya ndoa. Nilisimulia yote: koleo, mguu juu ya kitanda, maneno ya muuguzi. Wakaniambia muuguzi huyo alihamishwa na alipoulizwa alisema hakumbuki. Daktari akasema, macho yako mezani, "Nilifuata utaratibu."

Mkuu akavua miwani. "Tena niwaulize," akasema. "Mtoto alipozaliwa, familia hii ilileta nini hapa? Majogoo. Mafuta. Na mtoto akapewa jina la daktari. Ni nani humpa mwanawe jina la mtu aliyemuumiza? Leo mnarudi na mashtaka. Shukrani ya punda hiyo."

Niliona aibu ikimpanda mama mkwe kama homa. Shukrani yake aliyoibeba kwa gari, miguu ya majogoo imefungwa kwa kamba ya katani, ilikuwa imegeuzwa ushahidi dhidi yetu. Akasimama. Alianza kwa Kinyiramba, akajikumbuka, akahamia Kiswahili. "Baba, mimi nilishukuru kabla sijaujua mkono. Na ningeujua, ningeshukuru bado, maana mtoto yu hai. Lakini ningeuliza. Kwani aliyeshukuru hana ruhusa ya kuuliza?"

Mlango ukafunguka, mtoto akaingia, maandazi yameisha na amechoka kukaa peke yake. Kabla sijamzuia alianza kusalimia kama alivyofunzwa, mtu kwa mtu, akiizunguka ile meza kwa magoti yake madogo. Akiwapa mkono, wakiuachia, unadondoka na kugonga paja lake, naye anauokota kwa ajili ya anayefuata. "Ona adabu," mkuu akasema, na uso wake ukalainika. "Mmemlea vizuri." Hakuwa ameona kitu.

Akamfikia daktari. "Shikamoo, wajina," akasema, maana bibi alikuwa amemwonyesha dirishani ni yupi.

Daktari aliupokea mkono ule. Hakuuachia kama wenzake. Aliweka kiganja chini ya kiwiko, akaushusha polepole hadi ukatulia ubavuni, kama mtu anayejua kwamba hauwezi kushuka wenyewe. Hakuna aliyemwambia. "Marahaba," akasema.

"Sema," nikamwambia. "Daktari, sema tu."

Akanitazama kwa mara ya kwanza. Midomo ikafunguka. Mkuu akasema kikao kimefungwa, tutajibiwa kwa utaratibu, na daktari akaufunga mdomo wake. Nilimchukia kuliko nilivyowahi kumchukia mtu, na nilimwonea huruma, na vyote viwili bado ninavyo. Jibu lilipokuja baadaye lilisema hakuna uzembe uliothibitika.

Lakini siku ile hatukuwa tumejua bado. Tulikaa stendi kungoja gari la kurudi, upepo wa Singida ukitutupia vumbi machoni, mtoto katikati yetu.

"Bibi," akasema, "ulisema wajina akikuona mara ya kwanza anakupa gauni. Mbona wangu hajanipa?"

Mama mkwe alijifuta uso kwa ncha ya kitenge. "Nitakushonea mimi," akasema. Kisha akanigeukia mimi, mkwewe, akaniita mwanangu. "Unisamehe. Siku ile hukufunga miguu. Si wewe."

Nilikuwa nimeyangoja maneno hayo miaka yote, ila kutoka kwenye mdomo wa mtu mwingine.