Msomaji wa Kilindimo

Zuleica Ossufo alikuwa na ugonjwa mmoja tu, nao ni kusoma. Akiwa na miaka minane alisoma maandishi ya gunia la mchele, akasoma pakiti za dawa ya malaria mbele na nyuma, akasoma hata yale maneno madogo chini ya beseni la mama yake, kwamba limetengenezwa Tanzania na lisiwekwe karibu na moto. Mama yake, Bi Nazira, alikuwa akicheka na kusema, "Huyu siku nikifa ataikagua sanda ina maandishi gani kabla ya kunivika." Pale Kilindimo, kijiji cha wavuvi na walima mihogo karibu na mji wa Palma, kusini ya mto Rovuma, watu wazima waliojua kusoma Kireno walihesabika kwa vidole vya mkono mmoja na vidole vikabaki. Basi kila karatasi ilimfuata Zuleica, iwe barua ya hospitali au wito wa polisi. Alisoma, akafasiri kwa Kiswahili cha nyumbani, akapewa nazi moja au mkia wa pweza mkavu, akaenda zake kucheza.

Baba yao alifariki Zuleica akiwa darasa la pili. Aliyemlea ni kaka yake Hassane, aliyemzidi miaka tisa. Hassane ndiye aliyempeleka Palma kwa baiskeli siku ya kujiandikisha sekondari, yeye anakanyaga, mdogo wake nyuma amekumbatia begi. Hassane ndiye aliyesimama mbele ya wajomba walipotaka binti aolewe mara tu baada ya kutoka unyagoni. "Akishamaliza kusoma ataolewa na amtakaye," aliwaambia, "na kama hakuna amtakaye, atakaa kwangu." Nayasema haya mapema kwa sababu mbele ya safari utamchukia Hassane, nami sitaki umchukie kirahisi.

Gesi ilipogunduliwa baharini, watu wa Kilindimo walizisikia habari zake huku wakipuliza kuni mbichi. Waliambiwa iko ya kuwasha nusu ya dunia. Muda si mrefu kampuni ikaja na magari meupe, viti vya plastiki na mikutano iliyoitwa consulta, ambamo watu walikalishwa juani saa nne wakiulizwa kama wameelewa. Hassane, ambaye Kireno chake kilikuwa cha sokoni lakini hakikuogopa mtu, alipewa kazi ya ukalimani na fulana yenye mistari inayong'aa. Kisha ikaja bolsa, ufadhili mmoja kwa ajili ya mtoto wa kijiji, ya kwenda kusoma uhandisi nje. Hakuna aliyebisha iende kwa nani. Mwaka 2014 Zuleica akapanda ndege kwenda Algeria.

Bi Nazira alifurahi kwamba ni nchi ya Waislamu. Zuleica naye alifurahi, mpaka asubuhi ya kwanza alipotoka kununua mkate na asielewe neno hata moja la muuzaji. Mwaka mzima wa kwanza ulikwenda katika kujifunza Kifaransa. Baridi ya Boumerdès, mji wa chuo chake, ilimpasua midomo. Alipangwa chumba kimoja na Ilda, msichana wa Kimakonde kutoka Mueda, bara ya kwao, Mkristo, ambaye nyumbani pengine wangepishana barabarani bila salamu. Ugenini wakawa chanda na pete. Walisonga ugali kwa semolina, ukawa ugali wa kukubali tu, na Ilda akasema watu wa pwani ndiyo maana hawana nguvu, wanakula uji na kuuita chakula. Pole pole masomo yakamkolea Zuleica. Alijifunza jinsi gesi inavyopozwa mpaka iwe maji, akachora mabomba na matangi mpaka vidole vikavimba, na kila alipochora aliona pwani yao.

Mwaka 2016 ndipo karatasi ilipofika Kilindimo. Kijiji kizima kilitakiwa kuhama, kipishe kiwanda, kikajengewe nyumba za matofali bara, kando ya barabara ya Pundanhar. Mwenye, mkuu wa kijiji, aliambiwa atie dole. Akakunja ngumi na kuiweka kwapani. "Hatutii dole," alisema, "mpaka mtoto wetu asome." Wakubwa wa kampuni walileta mwanasheria kutoka Maputo awasomee kwa Kireno chake, wazee wakamsikiliza kwa adabu, wakamkaribisha madafu, halafu wakarudia lile lile. Mtoto wao asome.

Basi Hassane akaipiga picha ile karatasi, ukurasa mmoja mmoja, akazituma kwa WhatsApp. Zuleica alikuwa katikati ya mitihani. Aliiweka mitihani kando. Alichokitafuta ni kitu kimoja, na alikipata ukurasa wa sita: wakazi watabaki na njia ya kufika pwani. Alishusha pumzi. Wanawake wa Kilindimo hawapandi mashua, shamba lao ni mwamba. Bamvua likitoa maji hushuka kwa miguu na vyuma vyao, wakachokoa pweza na kuokota kombe, na hivyo ndivyo Bi Nazira alivyowalisha watoto wawili bila mume. Bila njia ile, nyumba ya matofali ni kaburi lenye madirisha.

"Mbona kutoka sita unaruka nane?" Ilda aliuliza, akichungulia begani kwake.

Zuleica akampigia kaka yake. "Mano Hassane, ukurasa wa saba siuoni."

"Ni ramani ile, mdogo wangu. Simu yangu haikuishika vizuri, inatoka nyeusi tu. Mistari na namba, hakuna maneno."

"Mwambie aipige tena," Ilda akasema kwa sauti ya chini.

"Mano wangu akisema ramani, ni ramani," Zuleica akajibu, tena kwa ukali kidogo. Wahenga walisema mla nawe hafi nawe ila mzaliwa nawe. Wahenga hawakuwahi kutumiwa picha kwa simu.

Ijumaa, baada ya swala, Kilindimo yote ilikusanyika uani mwa msikiti, na simu ikawekwa juu ya kiti mbele yao. Zuleica aliwasomea na kuwafasiria muda wa saa nzima. Walimuuliza juu ya makaburi, akajibu. Walimuuliza juu ya njia ya pwani mara nne, naye mara nne akasema ipo, imeandikwa. Mwisho Shehe Jamaldine akauliza, "Mwanangu, tusome?" Alikuwa na maana ya Fatiha. Kwao jambo likishasomewa Fatiha, iwe posa, iwe ugomvi wa mpaka, limefungwa, na anayelifungua huonekana amemchezea Mungu. Zuleica akasema, "Someni, shehe." Akanyanyua mikono kule kule Boumerdès, akaitikia amin pamoja nao, na machozi ya furaha yakamtoka.

Kijiji kilihama mwaka 2018. Kwenye simu mama yake alizidi kuwa na maneno machache. "Tupo," alisema. "Wewe soma." Zuleica alidhani ni umri.

Alirudi mwaka 2019 na shahada yake. Barabara ya kutoka mji wa Pemba, makao ya mkoa wao, ilikuwa haipitiki kwa sababu ya vita vilivyokuwa vimezuka huko, kwa hiyo alizungukia Dar es Salaam na Mtwara, akavuka Rovuma kwa boti na kushukia Namoto, ng'ambo ya kwao. Hassane alimpokea kwa gari jeupe, akamkumbatia mpaka akamnyanyua. Njiani aliongea bila kupumua. Walipofika kijiji kipya, Zuleica aliona nyumba zimepangwa kwa mistari, bati zinang'aa, na mama yake amekaa kibarazani anapura kunde.

"Mama, bamvua lote hili umekaa? Hukushuka mwambani?"

Bi Nazira aliusimamisha mkono. "Nishuke wapi? Wamezungushia uzio tangu mwaka jana."

"Hawawezi! Njia imeandikwa!"

"Tulikwenda kuwaambia hivyo. Wakatuonyesha palipoandikwa kwamba itafungwa, na dole la Mwenye liko pembeni." Akaendelea kupura. "Ningekuambia nini, mwanangu? Wewe ndiye uliyesoma."

Kesho yake Zuleica alikuwa katika ofisi ya kampuni, Palma, simu mkononi, hasira kifuani. Karani mmoja, Cândido, alimsikiliza, akafungua kabati, akamwekea karatasi yenyewe mezani. Ukurasa wa saba haukuwa na ramani. Ulikuwa na aya mbili za Kireno safi: njia ya pwani itatumika mpaka ujenzi utakapoanza, na baada ya hapo eneo lote litafungwa. Pembeni palikuwa na dole la Mwenye, na chini yake, kwa kalamu ya bluu, sahihi fupi ya mkalimani, kama inavyotakiwa kwa kila ukurasa. H na O zilizofungamana. Zuleica aliijua sahihi hiyo tangu iko kwenye madaftari ya shule. Alikaa pale mpaka Cândido akamletea maji.

Alimkuta Hassane nyuma ya nyumba yake anaosha gari. Hakukana.

"Kuna mkubwa mmoja aliniita," alisema. "Akaniambia kijiji kisipotia dole mwezi ule, bolsa ya Kilindimo itaangaliwa upya. Ulikuwa umebakiza miaka mitatu. Ningekuambia, ungesema watu wasisaini, ungerudi nyumbani na begi. Mdogo wangu, nilikufanyia wewe."

"Alikuandikia hayo?"

"Alisema tu."

"Alisema tu," Zuleica akarudia. Kila usiku aliokesha na vitabu, kila tangi alilolichora, kumbe lilikuwa limelipiwa na mwamba wa mama yake, na aliyepeleka malipo ni kinywa chake mwenyewe. "Na uzio ulipowekwa, mama na wenzake walipokuuliza kama mimi niliuona ukurasa huu, uliwajibu nini?"

Hassane aliendelea kulisugua gurudumu ambalo lilikuwa limeshatakata. "Niliwaambia msomi ni wewe."

Hapo ndipo palipomchoma. La karatasi, labda, siku moja, angeweza kulisamehe. Lakini mwaka mzima kijiji kilikuwa kimemwona yeye ni mwongo, na kaka yake akaliacha lilale hivyo, akala futari na watu hao hao. Alimwambia wazi kwamba amemwibia sauti yake na kuiuza. Hassane akalia, kilio cha kweli, akashika miguu ya mdogo wake. "Ijumaa," alisema. "Baada ya swala nitasimama niseme mwenyewe mbele yao. Wallahi."

Naye akamwamini. Ndiyo, mara ya pili. Tusimcheke sana, maana kaka aliyekupakia kwenye baiskeli hafutiki kwa siku moja.

Ijumaa ilipofika, watu walijaa mbele ya msikiti mpya wa bati. Zuleica alianza yeye. Alisoma ukurasa wa saba wote, akaufasiri, akasema hakutumiwa, na kwamba kuna muda bado wa kwenda kulalamika mbele ya sheria endapo kijiji kitakubali. Kisha akamgeukia kaka yake. Watu wote wakamgeukia.

Hassane alisimama. Aliwatazama wanawe watatu waliokaa mbele, akaitazama fulana yake ya kampuni. "Nilimtumia zote," alisema, na akakaa.

Zuleica alitoa simu, akaonyesha zile picha, sita halafu nane. Bibi Saquina, aliyekuwa akichokoa pweza na mama yake tangu usichana wao, alizitazama kwa heshima. "Kufuta picha moja ni kazi ya kidole kimoja, mjukuu wangu. Hata mimi siku hizi najua."

"Rafiki yangu Ilda alikuwepo. Nimpigie sasa hivi, awaambie!"

"Usijisumbue," Bibi Saquina akasema. "Sauti za simu tumeshazisikia."

Hakuna aliyecheka. Shehe Jamaldine alikohoa, akasema kwamba Fatiha ilisomwa, na aliyesema someni anajulikana, na kijiji hakitakwenda kortini kulifungua neno walilolifunga mbele ya Mungu. Watu wakavaa viatu vyao. Bi Nazira alikuwa amekaa na wanawake muda wote, kichwa chini. Wanawe wawili walikuwa wamesema maneno mawili yasiyoweza kuwa kweli yote, naye hakuuliza lipi ni lipi. Alisimama akakung'uta mkeka.

Mchana ule wanawake wa nyumbani walizunguka sinia moja jikoni, kama siku zote, mkono kwa mkono. Zuleica alipokuja kukaa nao, mama yake alimshika kiwiko taratibu, akampeleka sebuleni, akamtandikia mkeka mzuri. Alimletea wali na samaki katika sahani ya peke yake, imefunikwa kawa, na birika la kunawia.

"Karibu, mwanangu," alisema. "Jisikie upo nyumbani."

Zuleica alikula huku akisikia mazungumzo ya jikoni yameshushwa. Alijiambia ni leo tu, kwa sababu ya uchungu. Kwao mgeni ni siku mbili, siku ya tatu hupewa jembe, akaenda shambani na wenyeji. Akasubiri. Siku ya tatu aliamka kabla ya adhana, akajifunga kanga, akakaa kibarazani. Mama yake na Bibi Saquina walitoka na majembe yao begani, wakamsalimia, wakamuuliza kama amelala salama.

"Nije nanyi," Zuleica akasema. "Nipeni jembe."

"Wewe pumzika, injinyera," mama yake akasema. "Chai yako nimeifunika."

Wakashika njia ya shambani.