Haboba na Ukuta wa Msikiti

Nimeolewa mtaa wa Kawangware 46, lakini Ijumaa hurudi kwetu Kambi Muru kuswali na haboba. Ndivyo sisi Wanubi tunavyowaita nyanya zetu. Msikiti wetu naupenda tangu utotoni, ila wanawake tulitengewa chumba cha nyuma, ukuta mzima kati yetu na wanaume, na spika moja ya kutuletea sauti ya imamu.

Ijumaa moja stima ilipotea tukiwa tumesujudu. Tukangoja takbira ya kuinuka. Wapi! Nilisoma kila dua ninayoijua, nikarudia zile za madrasa, paji la uso bado liko mkekani. Mwishowe haboba akainua kichwa, akachungulia dirishani.

"Nyinyi, inukeni. Wanaume washavaa viatu."

Wenzangu waliangua kicheko. Haboba hakucheka. Njiani alinishika mkono, akaniambia anaogopa kufa kabla hajaswali nyuma ya imamu anayemsikia kwa masikio yake mwenyewe. Iliniuma sana.

Haboba husuka tabaga, zile sinia za ukindu wa rangi za kufunikia chakula. Mteja wake mkubwa ni mama mmoja Singasinga, mzee kama yeye, na alipomwoza mjukuu wake alitualika hekaluni. Tulivua viatu mlangoni kama kwetu. Ndani, wanawake walikaa sakafuni upande mmoja, wanaume upande wa pili, ukumbi huohuo, bila hata pazia. Na mbele ya wote aliketi mwanamke, akisoma kitabu chao kitakatifu.

"Huyo anasomea mpaka wanaume?" haboba alimnong'oneza mwenyeji wetu.

"Ndio, mama. Kwani shida iko wapi?"

Baadaye jikoni tukakuta mababa wenye vilemba wakisukuma chapati za wageni, unga mpaka kwenye ndevu. Haboba alicheka hadi akajifuta machozi.

Ijumaa iliyofuata aliupita mlango wa chumba chetu kana kwamba haupo. Aliingia ukumbi mkubwa, akatandika mkeka wake nyuma kabisa ya safu za wanaume. Nikamfuata. Mzee mmoja wa kamati akaja mbio.

"Haboba, hapa si pa kina mama. Nyinyi mko na room yenu."

"Hiyo room mkae nyinyi. Wakati wa Mtume wanawake walikuwa wanaswali nyuma ya wanaume, na ukuta haukuwepo. Mimi leo nimekuja kusikia."

Alisema bila kupandisha sauti, huku akinyoosha pembe ya mkeka. Sijamwona mtu jasiri kumzidi bibi huyu. Mzee wa kamati akamgeukia imamu amsaidie, na vichwa vyote vikatugeukia sisi. Nilijua tutatolewa nje mbele ya Kambi Muru nzima.

Imamu alimtazama haboba.

"Nyoosheni safu," akasema. "Mpaka huko nyuma."

Tuliswali. Tuliposujudu nilisikia magoti ya haboba yakilia kando yangu, kama kawaida yake. Kisha takbira ikaja, sauti ya mtu mwenyewe, na haboba akainuka pamoja na msikiti mzima.