Kiti Alichokalia Mkwe

Mama yangu alivunjika nyonga akifukuza mbuzi. Nasema hivyo kwa sababu yeye mwenyewe huwaambia watu kwamba aliteleza, kana kwamba ardhi ya Misungwi ndiyo iliyokosea. Ukweli ni kwamba mbuzi wa jirani aliingia kwenye mihogo yake, naye, kwa umri ule, akatoka mbio na mwiko mkononi. Mbuzi alipona. Mama alilazwa, akapasuliwa, akawekewa chuma, na alipotoka hospitali tukamleta nyumbani kwetu Kirumba ili awe karibu na kliniki.

Asubuhi ya kwanza nilimwogesha. Nilimkalisha kwenye kiti cheupe cha plastiki, kama vile vinavyokodishwa kwenye misiba na harusi, akashika ukuta kwa mkono mmoja na kufumba macho. Mimi namsugua mgongo huku napiga soga. Sikuona aibu yoyote, na nikadhani naye haoni.

"Sikia," akasema bila kufumbua macho. "Siku nitakayooga mwenyewe, mlango umefungwa, ndiyo siku nitakayorudi kwangu."

Nikamwambia sawa, Mama. Lakini namjua, hasemi kitu kujaza nafasi. Nilitaka apone, tena upesi. Kuondoka sikutaka aondoke kabisa. Kwenye nyumba yake kule anaishi peke yake, na mbuzi wa jirani bado yupo.

Mambo ya kiti yalianza wiki ileile, kwa sababu kile cha plastiki kilitusaliti. Sakafu ya bafu letu ina marumaru na imeinama kidogo kuelekea kwenye tundu la maji. Povu likamwagika, miguu ya kiti ikatanuka kama ya ndama aliyezaliwa asubuhi hiyo, nami nikamdaka Mama kwapani tukashuka pamoja, taratibu, hadi chini. Hakuumia. Tulikaa pale kwenye maji tukitazamana, kisha akaanza kucheka, nami nikashindwa kujizuia.

Mume wangu alikuwa ameshafika kwenye korido. Tulisikia anakohoa.

"Kuna usalama humo ndani?"

"Tumeanguka!"

"Mmeumia?"

"Hapana, ila siwezi kumwinua."

Tukasikia viatu vyake vikikimbia kuelekea nje. Hakuingia, na hangeingia hata nyumba ingeshika moto. Alimwita mama wa jirani, yule ndiye aliyekuja kuniongezea mikono.

Lazima nieleze. Mama ni Msukuma wa kizamani, na kwa alivyolelewa, mama mkwe na mkwewe wa kiume huheshimiana kwa umbali. Hawapeani mikono, hawali sahani moja, hawakalii kiti kimoja hata kwa zamu. Mume wangu ni mtoto wa mjini, amezaliwa hapahapa Kirumba katika ukoo wa Waislamu wafanyabiashara waliochanganyika na kila kabila la ziwa hili. Aliponioa aliyapokea masharti hayo akayazidisha. Kabla ya kupita sebuleni anakohoa. Akimsalimia Mama, "Shikamoo, Mama" yake anaielekeza kwenye zulia. Naye Mama akitaka kumwambia kitu humpitishia kwangu, hata kama amekaa pale pale: "Mwambie mwenzako chakula kinapoa."

Kliniki, dada wa mazoezi ya viungo alituambia tutafute kiti maalumu cha kuogea. Kiwe na mpira chini ya miguu, kiwe na pa kushikia, na akikaa nyayo zake zilale sakafuni zote, zisining'inie. Alinifundisha kupima kutoka kisigino hadi kwenye kunjo la goti. Nilipima kwa kipande cha kitenge, nikafunga fundo, nikakitia kwenye pochi, na Ijumaa mimi na mume wangu tukaenda mjini kwenye duka la vifaa vya wagonjwa.

Mwenye duka alikuwa mama mmoja mwenye ushungi wa zambarau na subira nyingi. Tulichagua kiti cha alumini, maana cha chuma kingeota kutu mapema, chenye mgongo mrefu na mikono imara, na miguu inayoongezeka na kupungua. Nilikipima kwa fundo langu, kikawa sawasawa. Nilitoka pale najiona daktari.

Sasa, mume wangu anauza nyavu na kamba karibu na soko la samaki la Mwaloni. Katika kazi yake hakuna kitu kinachoaminiwa kabla ya kujaribiwa. Wavu ataunyoosha, kamba ataifunga juu ya mlango na kuning'inia mwenyewe, mtu mzima na kitambi chake, wateja wanatazama. Tulipofika nyumbani akakifungua kile kiti sebuleni, akakaza parafujo moja moja, akakitikisa. Kisha, kwa mazoea tu, akageuka akakikalia. Akajirusha mara mbili tatu.

"Chuma hiki!" akasema.

Mama alikuwa amesimama kwenye mlango wa chumba chake, ameegemea fremu yake ya kutembelea. Alinitazama mimi.

"Mwambie mwenzako ainuke."

Aliinuka kwa kasi mpaka kiti kikaanguka chali.

"Mama, samahani, nilikuwa napima uzito tu," akaliambia zulia.

"Mwambie nimesikia. Mwambie sina hasira. Mwambie hicho sasa ni kiti chake."

Nilijaribu kila njia. "Mama, hiki si kiti, ni kifaa cha hospitali."

"Kina miguu minne?"

"Kina."

"Kina pa kuegemea?"

"Kina, lakini..."

"Unataka nikakae hapo uchi, alipokaa mkwe wangu?"

"Nitakisugua kwa dawa ya kuua wadudu."

"Kwani nimesema kina wadudu?"

Nilikasirika kweli. Nilikasirikia mila, nikamkasirikia mume wangu na matako yake, nikamkasirikia yule mbuzi. Nilikwenda jikoni kukatakata vitunguu ambavyo hakuna aliyevihitaji. Na katikati ya hasira hiyo nikagundua kwamba sehemu moja yangu imetulia. Bila kiti hakuna kuoga peke yake, na bila kuoga peke yake hakuna safari ya Misungwi. Nikajionea haya kidogo, nikaendelea na vitunguu.

Jioni nikamwambia mume wangu akirudishe dukani, tubadilishiwe. Akanitazama kana kwamba nimemtukana.

"Nirudishe? Nimepewa na mama mkwe wangu!"

Akakibeba hadi barazani, akakiweka upande unaoonyesha ziwa, akakikalia. Hadi leo ndicho kiti chake. Mvua ikinyesha hana wasiwasi, kimetengenezwa kwa maji.

Nilimpigia simu yule mama wa dukani kumweleza. Alicheka mpaka nikaiweka simu mbali na sikio. Alipomaliza akasema, "Mwanangu, mlete mwenyewe. Umepima goti lake, na yeye hukumuuliza kitu."

Basi Jumatatu nikampeleka. Gari mume wangu alikuwa amekwenda nalo kazini, hivyo bajaji ndiyo iliyotushusha mlangoni kabisa, Mama amevaa kitenge chake cha kanisani, kilemba kimesimama.

"Wangaluka, mayu," mwenye duka akamwamkia Kisukuma cha kubahatisha, na Mama akalainika hapohapo. Akakalishwa katikati ya duka, viti vikaletwa mbele yake kimoja kimoja, mithili ya posa.

"Hiki nani amekikalia?"

"Hakuna, Mama. Kimetoka kwenye boksi sasa hivi."

Cha kwanza kilikuwa na tundu katikati. Mama akachungulia. "Hiki kimetoboka."

"Kina kazi yake, Mama."

"Kazi hiyo naijua, ina mahali pake."

Cha pili kilikuwa na magurudumu. Akasema yeye anakwenda kuoga, hasafiri. Cha tatu ndicho nilichokuwa nimekitolea macho tangu tuingie: kipana, kizito, mgongo mrefu, na kinafungwa ukutani kwa bolti. Kiti kama kile kikishaingia bafuni hakitoki. Nilikisifia kwa nguvu zote. Mama akakikalia, akanyoosha mkono kulia kama anayetafuta kitu, mkono ukagonga pa kushikia.

"Maji nayachota wapi?"

Vile viti vimetengenezwa kwa watu wanaosimamiwa na bomba la mvua kichwani. Kwetu maji hutoka kwa mgawo, na hata yakitoka, Mama hajawahi kuoga ila kwa ndoo na kopo. Mimi, mtu wa vipimo na mafundo, ndoo haikuniingia akilini hata mara moja.

"Nipeni ndoo," Mama akasema.

Mwenye duka akaleta ndoo tupu ya kudekia, na kikombe cha chai badala ya kopo. Mama akaoga. Ndani ya duka, na nguo zake zote, bila tone la maji, alichota akajimwagia begani, akasugua shingo, akanyanyua mkono akasugua kwapa, akainama kufikia vidole vya miguu. Wateja wawili walikuwa wameingia kununua mikongojo, wakasimama wakitazama kwa heshima. Aliyarudia hayo kwenye kila kiti kilichobaki, kila mara akisema anapokwamia: hiki kiko juu mno, ndoo iko mbali, hiki kinanisukuma mbele.

Cha mwisho kilikuwa kifupi kidogo, chepesi, mikono yake inainuka juu ikitakiwa isizuie. Alioga mara mbili pale. Nikatoa kitenge changu, nikapima. Fundo likakubali.

"Hiki," akasema.

"Lakini hiki kinakunjika," nikasema. Nilikuwa nimekiona kitasa chake pembeni. "Kikunjwe cha nini, Mama? Kiti cha bafuni hakiendi popote."

Akamwomba mwenye duka amwonyeshe kinavyokunjwa, akakikunja na kukikunjua mwenyewe mpaka kitasa kikalia vizuri, nami nikakisukuma na kukivuta kuhakikisha hakiachii. Ndani ya bajaji alikipakata njia nzima. Nilipotaka kumpokea akakisogeza upande wa pili.

Mume wangu alipewa kazi ya kukiweka bafuni, Mama akiwa chumbani kwake. Mguu mmoja alilazimika kuurefusha tundu moja zaidi, kwa sababu ya ule mwinamo wa sakafu. Alifanya yote amepiga magoti, anakigusa kwa ncha za vidole. Lakini kutokijaribu hakuweza. Alikwenda stoo, akarudi na gunia la mchele begani, akalikalisha kwenye kiti.

"Mwambie Mama," akaniambia kwa sauti ya kusikika hadi chumbani, "mchele haujadondoka."

"Mwambie ahsante," sauti ikajibu.

Asubuhi iliyofuata nilitia maji ya vuguvugu kwenye ndoo, nikaiweka juu ya kigoda mkono wake wa kulia, sabuni na dodoki karibu, taulo kwenye msumari. Mama akaingia na fremu yake, akajishusha polepole, mikono yote miwili kwenye kiti, nyayo zikalala sakafuni.

"Toka. Funga mlango."

Nikatoka, nikafunga. Nikabaki pale nje, sikio kwenye mbao. Nilisikia kopo likigonga ndoo. Nikasikia maji. Kisha sikusikia kitu, nikaanza kuona kila aina ya ajali kichwani, mkono ukaenda kwenye kitasa cha mlango.

"Naiona miguu yako chini ya mlango," Mama akasema. "Ondoka hapo."

Nikaondoka. Nilikwenda barazani, ambako mume wangu alikuwa kwenye kiti chake akinywa chai, na upepo wa ziwa unaleta harufu ya dagaa kutoka Mwaloni. Kutoka dirisha dogo la bafu ikaja harufu ya sabuni, halafu sauti. Mama alikuwa anaimba ule wimbo wa palizi aliokuwa akituimbia shambani, ambao sikuwa nimeusikia tangu alazwe. Nililia waziwazi, sikujificha. Mume wangu akanisogezea chai yake.

Alikaa humo hadi nikadhani ngozi itamtoka. Alipofungua mlango alikuwa amejifunga kitenge, uso unang'aa mafuta. Nyuma yake kiti kilikuwa kimeshafutwa maji, kimekunjwa, kimeegemezwa ukutani.

"Kinaingia kwenye buti ya gari?" akaniuliza.

Nilitaka kusema hakiingii. "Kinaingia, Mama."

"Basi Jumapili."

Tulimpeleka Jumapili, kwa barabara ya Usagara, yeye kiti cha nyuma pamoja nami, mume wangu anaendesha macho mbele. Tulipofika hakukagua nyumba wala kuku. Alikagua mihogo, akamwona mbuzi amesimama upande wa pili wa ua, akamwambia maneno ambayo siwezi kuyaandika. Kisha akaomba maji.

Bafu lake liko uani, la matofali, lina mlango wa bati ambao mwisho wake hauifikii ardhi. Nilimkunjulia kiti, nikajaribu kitasa chake, nikamwekea ndoo juu ya tofali, nikatoka. Akafunga komeo mwenyewe kwa ndani. Mimi nikaenda kusimama mbali, katikati ya mihogo, mahali ambapo hangeweza kuiona miguu yangu.