Chupa Yenye Kitambaa Shingoni

Nakumbuka asubuhi moja kule Pweto, ziwa limetulia mpaka mawe ya chini yanaonekana kama yako ndani ya beseni. Nilikuwa na miaka kumi na tatu. Baba yangu alikuwa mtu wa reli hapa Lubumbashi, na kila likizo alinituma kwa kaka yake mvuvi, Baba Mukubwa Stanislas, nijifunze kukausha samaki na, kama alivyosema mwenyewe, nipunguze mdomo. Samaki nilijifunza. Habari za mdomo utazisikia, mwanangu.

Baba Mukubwa hakuwa na vyuma vya kuzamisha wavu. Yeye na wenzake wa upande ule wa mawe walitumia chupa. Walizijaza mchanga, wakaziba kwa gunzi la mahindi, wakazifunga kwa kamba chini ya wavu, moja hapa, nyingine pale, ili wavu usimame majini kama pazia. Na kila mvuvi alifunga kitambaa cha rangi yake kwenye shingo za chupa zake. Cha Baba Mukubwa kilikuwa chekundu, kimechanwa kwenye kitenge cha zamani cha mke wake. Ukiona kitambaa, unajua chupa ina mwenyewe. Unapita.

Lakini siku zile chupa tupu ilitafutwa sana. Akina mama wa sokoni walitia mawese. Kwa hiyo mimi na dada yangu mkubwa, yaya Anastazia, binti yake Baba Mukubwa, tulikuwa tunazama kutafuta chupa zilizoanguka kutoka kwenye mitumbwi. Mamba hawapiti upande wa mawe. Hivyo ndivyo tulivyoambiana sisi wawili. Mamba wenyewe hatukuwauliza.

Anastazia alikuwa na miaka kumi na sita na pumzi ndefu kuliko wavulana wote wa pale. Asubuhi hiyo alikuwa ameshaibua chupa tatu. Mimi sina hata moja.

"Weye unaogopaka mayi," akaniambia, amekaa juu ya jiwe kama bibi arusi. "Rudia kwenu Lubumbashi, ukaoge mu beseni."

Nikazama kwa hasira. Chini nikaiona chupa nene, ya kijani, ina herufi zilizoinuka kwenye kioo. Moyo uliruka. Shingoni ilikuwa na kitambaa chekundu. Nilikiona, mwanangu. Sitakudanganya katika uzee huu, nilikiona vizuri kabisa. Nikakata kamba kwa meno, nikakivua kile kitambaa, nikakiachia maji kiende zake.

"Ulitoa hii wapi?" Anastazia akauliza, na macho yamemtoka.

"Pale chini ya jiwe. Iko na zingine."

Basi. Sikuongeza neno. Yeye akavuta pumzi, akashuka.

Mimi nikabaki juu, nikamwaga mchanga. Nikaosha chupa yangu. Nikapitisha kidole juu ya zile herufi, nikalitazama jua kupitia kioo chake. Nilipomaliza hayo yote ndipo nikaona kwamba juu ya maji hakuna kichwa.

Wavu uliopoteza uzito wake hausimami tena. Unajikunja, unatembea na maji, unamshika yeyote anayepita. Nilipiga kelele ambayo nafikiri waliisikia Wazambia ng'ambo. Baba Mukubwa aliruka kutoka mtumbwini na kisu chake mdomoni, akarudi juu na fungu la nyavu, na ndani ya nyavu mtoto wake, kamba imejizungusha shingoni, uso una rangi ya majivu. Walimlaza kifudifudi juu ya mtumbwi uliopinduliwa, wakamkamua maji. Mimi nilisimama pale. Chupa ilikuwa bado mkononi mwangu.

Alikohoa. Aliishi. Lakini mpaka leo sijui nilipitisha muda gani kabla ya kile kikohozi.

Nilisubiri kupigwa. Nilitaka nipigwe. Baba Mukubwa hakunigusa. Aliichukua chupa, akachota mchanga pale ufukoni, akaijaza mwenyewe taratibu, akanipa pamoja na kamba.

"Hii chupa nilifunga na mikono yangu," akasema. "Weye ulikata na meno. Sasa funga."

Nikafunga. Akavuta, ikafunguka.

"Funga tena."

Tulikaa hivyo hadi jua likashuka, kando ya mkeka alipolala Anastazia, ananitazama bila sauti. Vidole viliniuma mpaka nikashindwa kushika tonge la bukari. Sauti yake ilirudi siku ya tatu, na unajua alianza na neno gani? "Zangu tatu ziko wapi? Musipoteze, mama atatia mafuta." Tulicheka na kulia kwa pamoja. Ila lile kovu la kamba halikutoka. Mpaka amezeeka alifunga kitambaa shingoni, hata kwa joto la mwezi wa kumi, na kila nilipokiona, nilikumbuka kile chekundu nilichokiachia maji.

Sasa kwa nini ninakuambia haya leo? Kwa sababu nawe unataka kuzama, kama mjukuu wangu Nadeje. Alijifunza kuzama kwa mtungi wa hewa mgongoni, miwani mikubwa usoni na viatu vya manjano vipana kama miguu ya bata. Anashuka katika shimo moja la machimbo ya zamani, limejaa maji, upande wa Kipushi. Watu wa wakati wa Wabeleji walitupa takataka zao humo, kwa hiyo anaibua chupa zao za bia na za dawa, na anapiga foto za viumbe vya majini. Jumapili moja, baada ya misa, alikuja kwangu Kasungami kunionyesha.

Foto zake ni nzuri, nisiseme uongo. Alinionyesha samaki aliyefungua mdomo na watoto wake wamejaa ndani.

"Kambo, angalia! Anabafichaka mu kinywa!"

"Ninamujua," nikamwambia. "Kule Pweto tukimushika, anabatapika bote mu mutumbwi."

Akapitisha foto nyingine. Chupa ya kijani, nene, ina herufi. Shingoni imefungwa kamba mpya, ya buluu. Nikaweka kidole juu ya ile kamba.

"Na hii kamba?"

"Ah, kamba ya bule. Nilikata na kisu."

"Nani aliifunga?"

"Kambo, mu mayi hamuna muntu."

"Kamba haijifungake yenyewe, we mutoto! Rudisha nyuma ile foto ya samaki."

Akarudisha. Nyuma ya samaki kulikuwa na kitu kama kivuli. Yeye alisema ni mwanga wa jua. Mimi nimeshona nyavu tangu sijaota matiti. Nikaona macho ya wavu, moja baada ya jingine, yamelegea. Binti aliyepiga foto ile kwa macho yake mawili hakuyaona.

"Unashuka tena lini?"

"Kesho. Na kiatu cha kuazima, sababu kimoja changu kilipotea juzi. Wakati ninapanda, mayi ilikivua!" Akacheka.

Mimi sikucheka. Nilivaa viatu vyangu, nikamwambia awashe gari yake.

Pale machimboni tulimkuta mzee mmoja, papa Mwape, anazunguka ukingo na fimbo ndefu. Alikuwa anatafuta wavu wake wa samaki, umehama mahali pake na hajui kwa nini. Nilimtazama Nadeje. Akainamisha kichwa, akasema, "Papa, ni mimi. Nilikata chupa yako."

Mzee alimtazama kuanzia juu mpaka chini. "Nilizania iko mamba. Kumbe mamba yenyewe inabebaka aparei ya foto!"

Alishika ncha ya wavu iliyokuwa imefungwa kwenye mti wa ukingo, sote watatu tukavuta. Ulikuja polepole, mzito, na majani na matope. Karibu na mwisho kikatokea kitu cha manjano. Kiatu cha bata. Mkanda wake ulikuwa umesokotwa na nyuzi za wavu, mzunguko juu ya mzunguko, mpaka papa Mwape alilazimika kutumia kisu.

Nadeje alikaa chini matopeni. Mkono wake ulishika kifundo cha mguu wake, ukakaa hapo.

Kisha akaenda garini, akaleta ile chupa ya kijani ya watu wa zamani, akaijaza mchanga. Nikamfundisha kufunga. Nilivuta, ikafunguka.

"Tena," nikamwambia.

Mwanangu, niliacha shule mapema, kwa hiyo nitasema wazi. Sikukatazi kuzama. Zama, piga foto, ibua chupa zilizotupwa. Lakini ukikuta kitu kimefungwa, kuna mkono wa mtu uliokifunga, na una sababu yake. Usikiguse kabla hujawauliza watu wa ukingoni. Na lililo kubwa zaidi ni hili: ukishakosea, sema. Meno yangu hayakumzamisha Anastazia. Kilichomzamisha ni kile kitambaa nilichokiona nikanyamaza. Ningesema neno moja tu juu ya lile jiwe, asingeshuka. Nadeje alinisimulia kila kitu, hata kiatu, hata kwa kicheko, na ndiyo maana ninaye leo.

Mungu akupe macho ya kuona wavu na mdomo wa kusema. Maji yakupokee vizuri, yakurudishe na miguu yako miwili, na kila utakaposhuka, nyumbani wakusikie mlangoni kabla bukari haijapoa.