Siku Eleuterio Alipokikosa Kisiwa Chake

Eleuterio Coila alikuwa na kawaida ya kuwatambia wageni kwamba anaweza kurudi nyumbani akiwa amefumba macho. Aliyasema hayo akiwa amesimama juu ya kisiwa chenyewe, tumbo mbele, kofia ya kufunika masikio imekaa upande, na wageni wakampiga picha. Ndiyo maana ile Jumapili, aliporudi kutoka soko la mji wa Puno na mashua iliyojaa viazi vikavu, akafika mahali kilipokuwa kisiwa chake akakuta maji matupu, alifanya kile tu alichokijua. Alifumba macho, akayafumbua tena.

Maji.

"Hapana," aliyaambia yale maji.

Nawe uliyezoea kukanyaga udongo, usicheke. Sisi watu wa ziwani visiwa tunavitengeneza kwa mikono: mabonge ya mizizi ya matete chini, matete makavu juu yake, kisha nyumba, jiko na kuku, na vyote vinaelea. Tunakifunga kisiwa kwa kamba kwenye nguzo za mkaratusi zilizopigwa ndani ya tope la ziwa, na maisha yanaendelea. Ndugu wakishindwana hatusumbuani na mahakimu. Tunachukua msumeno mrefu, tunakata kisiwa, na kila mtu anakwenda na kipande chake.

Msumeno huo ndio uliomkaa Eleuterio kooni. Ijumaa alikuwa ametupiana maneno na shemeji yake Serapio, kaka wa mkewe Hipólita.

"Wageni wanashuka, wewe unaongea mpaka wanapanda mashua waondoke!" Serapio alifoka. "Mke wangu anatandika vitambaa vyake vya kuuza, hakuna hata anayegeuza shingo. Ipo siku nitachukua msumeno, shemeji."

"Chukua! Wataangalia vitambaa mpaka wasinzie!"

Hipólita alikuwa pembeni anamenya viazi. Hakuinua uso, na Hipólita si mtu wa kupitwa na ugomvi.

Kesho yake alfajiri, ukungu umetanda, Eleuterio aliondoka bila kuaga. Alipapasa ukingoni kutafuta pondo lake la kusukumia mashua, akalikuta limefungwa kamba. Serapio huyo, amefanya makusudi! Akaikata kamba kwa kisu, akaling'oa pondo kutoka kwenye tope. Lilimgomea kama jino la gego. Lakini aling'oa, akaenda zake akijisifia misuli. Jioni upepo ulichafuka, akalala mjini kwa dada yake.

Na sasa kisiwa hakipo.

Alikwenda kwanza kisiwa cha jirani, kwa mama Nieves, aliyekuwa akitumbua samaki na binti zake.

"Mama Nieves, umekiona kisiwa changu?"

"Ulikiweka wapi mara ya mwisho?"

"Hapo, mbele yako!"

"Umeangalia chini ya kitanda?" Mabinti waliangua kicheko. Mama Nieves alipomwona amepauka midomo, akamhurumia kidogo. "Kilipita hapa jana jioni, kinaelekea Capachica. Shemeji yako alikuwa ameshika msumeno."

Eleuterio alikaa chini, puu, juu ya matete. "Na mke wangu?"

"Alikuwa anapika."

Hapo ndipo akili ilipoanza kumzunguka. Mwanamke anayemwacha mume anapika? Anampikia nani?

Alisukuma mashua mpaka kwa Porfirio, mwindaji wa bata, ambaye alikana kabisa habari ya Capachica. "Kimekwenda upande wa mto, kaka. Kinazunguka kama mlevi anayetafuta mlango."

"Kilikuwa kizima, au nusu?"

Porfirio alifikiri. "Kile cha kwako hata kikiwa kizima kinafanana na nusu."

Basi kulia au kushoto? Eleuterio alisukuma mashua huku na huku, mpaka akaona kichwa cha samaki kimechungulia juu ya matete. Mnara wake! Mnara wa samaki alioufuma mwenyewe kwa matete, mdomo wazi, ambao kila mgeni aliambiwa hauna wa pili ziwani. Alifunga mashua, akaruka, akapita kuku, akapita karai la bluu, akainamia mlango.

"Hipólita, nimerudi, tuzungumze!"

Mwanamke asiyemjua aliinua uso kutoka kwenye chungu. "Mimi kuzungumza sikatai, mzee, ila mume wangu yuko hapo nyuma na kasia."

Walikuwa wameiga samaki wake. Siku nyingine angevimba kichwa. Siku hiyo alirudi kwenye mashua akiwa hana uhakika hata na jina lake mwenyewe. Kama wamenikata, aliwaza, nusu yangu iko wapi? Mtu akikatwa huachiwa chake. Mimi sikuachiwa hata unyasi. Au Hipólita ameona sistahili hata nusu?

Mchana ulikuwa umeshageuka alipokiona, kimekwama kwenye vichaka vya matete, kona moja imezama ndani. Juu ya kona hiyo Serapio amepiga magoti, anakata kwa msumeno, hru, hru, hru. Hata mashua ya wageni ilikuwa imefika, wanapiga picha.

"Acha!" Eleuterio alipiga kelele kabla hajafika. "Shemeji, acha! Nitanyamaza! Vitambaa vitangulie! Hipólita, mwambie kaka yako!"

Serapio aliacha. Si kwa ajili ya ahadi. Alikuwa anaangalia mikono ya Eleuterio. Hipólita naye akasogea ukingoni, sketi zake zote zikipigwa na upepo.

"Eleuterio. Hicho ulichoshika ni nini?"

"Pondo langu."

"Pondo lako lile pale." Lilikuwa juu ya paa, nyama imeanikwa juu yake.

Eleuterio alilitazama lile paa, kisha akautazama mti mkononi mwake. Juu yake bado kulikuwa na fundo la kamba, limekatwa kwa kisu.

"Tumezunguka usiku kucha!" alisema Serapio. "Hiyo ndiyo nguzo mpya! Zile kuukuu zimekatika zote kwa upepo! Na wewe unatembea nayo ziwa zima unaulizia kisiwa!"

"Kwa hiyo huo msumeno…"

"Kona imenasa. Tunaikata tutoke."

Eleuterio alipanda kisiwani akicheka. Hakunikata mtu! Alitaka kuwageukia wageni awasimulie, ndipo mguu wake ukazama. Kati ya mlango wake na mlango wa Serapio, mbali kabisa na ile kona, kulikuwa na mkato mwingine, mpya, urefu wa mkono.

"Na huu?"

Serapio alimtazama dada yake, akarudi kwenye msumeno.

"Huo niliuanza mimi," alisema Hipólita.

"Lini? Kabla ya upepo, au baada?"

"Kapige nguzo, Eleuterio."

Alikwenda, akaipiga mpaka viganja vikatoka malengelenge, huku wageni wakishika vitambaa vya mke wa Serapio na kuuliza bei. Siku hizi wageni wakishuka anawakaribisha kwa maneno mafupi, kisha anawaonyesha vitambaa. Na kila tunapotandika matete mapya, pale kati ya milango miwili anatandika yeye mwenyewe, tabaka juu ya tabaka, akimwangalia mkewe kwa pembe ya jicho. Mkewe anamenya viazi.