Joho Langu kwenye Maandamano ya Fahari

Nakumbuka Jumamosi moja mjini Durban, mwishoni mwa miaka ya tisini, nilipotoka chumbani kwangu mtaa wa Glenwood nimevaa joho la mahafali na kofia yenye kishada, jua likiwaka. Mwanangu, usicheke. Joho lile lilikuwa langu mwenyewe, si la kukodi. Mchana niliosha chupa kiwandani, eneo la Jacobs, jioni nikaingia darasani, hadi nikawa fundi wa majokofu mwenye diploma. Wa kwanza kwetu, na wa pili sijamsikia.

Nilipanga chumba na Salimu, kijana wa Muheza kama mimi. Kaka yake Hamisi, muuza nguo mjini, alikuwa amemfukuza, nami nikadhani wamegombania biashara. Wiki ile Salimu aliniambia taratibu, "Jumamosi kuna maandamano ya fahari. Kundi letu la Waswahili linakwenda. Ukija wewe, nitajua bado nina kwetu."

Fahari! Nikaona watu wa Durban wana akili: wametenga siku ya kujivunia mafanikio. Nani wa kujivunia kuliko mimi? Kuuliza si ujinga, lakini siku zile mwenye diploma hakuuliza.

Nilipofika nikapigwa na butwaa. Bendera za rangi za upinde wa mvua, wanaume wameshikana mikono kama wachumba, njemba moja ndani ya gauni la harusi ikinipungia: "Eish, profesa! Sharp!" yaani safi, kwa lugha ya mtaani kule. Nikasoma mabango, na maana ikaniingia: ilikuwa fahari ya wanaume wapendao wanaume na wanawake wapendao wanawake. Nikamtazama Salimu, aliyekuwa akinisubiri na kundi letu. Akainamisha macho. Ndipo nilipojua kwa nini Hamisi alimfukuza.

Nilitaka kukimbia. Joho lenyewe nisingeweza kulivua, maana kwa sababu ya joto ndani nilikuwa na singlendi na kaptula iliyotoboka.

Mama Bea, Mkongomani aliyeongoza kundi letu, akanidaka mkono. Kundi lile lilikuwa na desturi moja: mtu wetu hatembei peke yake, iwe hospitali, iwe makaburini.

"Mama, wewe mtu wa kanisa, unafanya nini hapa?" nikamuuliza.

"Minamutembeza mutoto wangu," akasema, akimwonyesha Salimu kwa kidevu. "Na weye ulivaa nguo ya fahari. Sasa fahari iko wapi? Iko mu joho ao iko mu roho?"

Nikainyoosha kofia yangu. Tukatembea.

Tulisimama kwenye robot, ndivyo waitavyo kule taa za barabarani, nyekundu ikiwaka, na pale ukingoni mwa barabara nikamwona Hamisi. Akatema mate chini. "Kwetu hakuna mtu anaitwa Salimu!"

Salimu akasinyaa mbele ya macho yangu. Akaanza kurudi nyuma, atoke kwenye msafara, aende sijui wapi. Mara nikasikia sauti inapaa, kumbe yangu mwenyewe: "Yupo! Mimi natoka kwao na namjua! Nalala naye chumba kimoja!"

Kundi letu zima likapiga vigelegele. Mwanafunzi mmoja Mkenya akawatafsiria wengine, navyo vikaenea barabara nzima. Mama Bea alicheka hadi akashika mbavu. Nikashtuka upya: nimesema nini?

Salimu akarudi kando yangu, machozi na kicheko vikigombania uso wake. "Kaka," akaninong'oneza, "si ungesema tunapanga pamoja?"

Mwanangu, habari ile ilifika Muheza kabla yangu. Niliporudi na kujenga nyumba hii, ambayo hakuna wa kuifikia mtaa mzima, watu walinong'ona. Majokofu yao yalipoharibika, waliniita vilevile. Salimu naye hunipigia simu kila Idi, na salamu yake haibadiliki: "Hujambo, mtu wa chumba kimoja?"

Basi nisikilize kabla hujaondoka kwenda masomoni. Neno usilolijua, uliza, hata ukiwa na vyeti ukuta mzima. Na ndugu yako akikanwa hadharani, litaje jina lake kwa sauti, hata kama sauti hiyo itakurudia kama kicheko. Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki. Kushangaa si dhambi; mimi nashangaa hadi leo. Lakini shangaa ukiwa umesimama upande wake.

Mungu akuvike joho refu kuliko langu, na akupe roho pana kuliko joho. Nenda, mwanangu, na njia isikupate peke yako.