Sweta Jekundu Ndani ya Debe la Ulezi

“Mvua za Ufipa huzijui wewe. Mtoto havai nyekundu radi zikipiga!”

“Mama, hiyo ni sare ya shule. Rangi sikuichagua mimi.”

“Na hilo sweta alilinunua nani?”

Nilikuwa katikati yao, sweta limenikwama usoni, mkono mmoja ndani na mwingine nje. Nilikuwa mtoto bado, ingawa kwa kuanza kidato cha kwanza nilijiona mkubwa. Bibi, mzaa baba, alivuta kulivua. Mama mdogo, ambaye baba alimuoa baada ya mama yangu kufariki, alivuta kunivalisha. Yeye alitoka Wampembe, kando ya Ziwa Tanganyika, na pale kwetu Kizwite bibi alimwita “huyu mtu wa ziwani” hata walipokuwa wanasonga ugali pamoja. Lakini baba aliposema darasa la saba linatosha, aliyebishana naye mpaka nikaandikishwa sekondari alikuwa huyohuyo mtu wa ziwani.

Bibi alishinda. Sweta akalificha tusikokujua.

Shuleni mwalimu wa zamu akaniuliza liko wapi. Nikasema, “Bibi anaogopa radi.” Darasa zima likacheka. Tausi, rafiki yangu, akachora ubaoni radi imevaa sweta, imebeba begi, inakimbia isichelewe mstarini. Nikacheka nao, huku sijui kama mjinga ni bibi au sisi.

Wiki hiyohiyo, mchana, radi ikapiga jiko letu la nje. Sisi tulikuwa sebuleni, kioo kimefunikwa kanga. Nyasi za paa zikawaka, mvua ikazizima. Bibi akakataza mtu kulia, akakataza kugusa kitu mpaka mganga aje kupatengeneza mahali pale, kama ilivyo kwetu. Mama mdogo alikuwa ameshaingia kuokoa chakula. Akatoka na debe la ulezi limebabuka, na juu ya ulezi, sweta langu, linafuka moshi.

“Si niliwaambia?” bibi alisema. “Limeiita.”

“Limeiita kutoka ulikolificha wewe, mama!”

Wakamgeukia baba. Baba akasema anakwenda kutazama ng'ombe. Hatukuwa na ng'ombe.

Majirani wakaja kutoa pole. Mmoja akasema, bila hata kushusha sauti, kwamba watu wa ziwani ndio wanaojua kutuma radi. Bibi akaendelea kupokea pole. Mama mdogo akaingia chumbani, akafunga nguo zake kwenye kitenge. Nami nikaona shule yangu inafungwa humohumo.

Shule nilikuja kuiacha kidato cha pili, baba alipougua, na radi haikuhusika. Watu huniuliza kama naamini inatumwa. Kila nikimwonea bibi hasira namkumbuka jioni ile, na hasira inapotea njia. Mama mdogo alikuwa ameshafika uani, kitenge kichwani, na mawingu yameanza kunguruma upya. Bibi alijivuta mpaka mlangoni, akashika mwimo. Nilidhani anafunga mlango.

“Mkwe! Unakwenda wapi na radi hizi? Rudi ndani, mwanangu. Ukipigwa huko, huyu mtoto nani atamsomesha?”